Kwa nini kikaoni wote tunasema "sawa bosi", halafu mpango unafia stoo?

#1 MzeeWaStoo

Wakuu, salaam.

Mimi ni mtunza stoo, kampuni binafsi hapa Dar, mwaka wa kumi na moja huu. Mwaka jana tuliletewa meneja mkuu mpya, Mdenishi. Mtu wa watu. Chai anakunywa kwa mama lishe wetu pale getini, hataki kuitwa "sir", mlango wa ofisi yake haufungwi. Siku ya kwanza alituambia: nikikosea niambieni.

Mwezi wa tatu akaitisha kikao cha raki mpya za ghala. Akatandika mchoro mezani: raki za ngazi nne, ya juu kabisa mita sita na ushee. Mle ndani tulikuwa tisa, na wote tisa tunajua uma za foklifti yetu zinaishia mita nne na nusu. Dereva wa foklifti alinikanyaga mguu chini ya meza. Na mimi nikamkanyaga. Bosi akauliza kama kuna mwenye wasiwasi. Kimya, feni tu inazunguka. Akauliza tena. Supavaiza akasema, "Mpango mzuri sana, mkuu." Tukapiga makofi.

Dakika kumi baadaye tuko kwa mama lishe tunacheka mpaka machozi, na pale kila mtu alikuwa na hoja, mpaka aliyekuwa amesinzia kikaoni.

Raki zikafungwa. Ngazi ya nne haifikiki mpaka leo. Bosi alipogundua hakufoka, alikaa juu ya paleti akatuuliza, "Mlijua?" Hakuna aliyemjibu. Alikuwa na sura ya mtu aliyefiwa, na hapo ndipo roho iliponiuma.

Sasa swali langu. Ni utamaduni wetu, au ni woga tu? Maana kabla yake tulikuwa na bosi Mtanzania mwenzetu, mkali kama pilipili kichaa, na huyo ukweli ulikuwa unamfikia na kazi inakwenda. Huyu mpole ndiye tuliyemwangusha. Karibuni. Matusi wekeni akiba.

#2 Kibuyu_Kimoja

Mlipiga makofi 😂😂 Nimekaa siti ya mbele, mtu asinizibe.

#3 DadaWaHesabu

Mleta uzi, hujasema ule ukweli ulimfikiaje bosi wa zamani. Nami nakujibia: kuna mtu mmoja alikuwa anaupeleka. Kila ofisi ya Bongo ina huyo mtu. Kwetu ni mama wa masijala, yuko pale tangu enzi za taipureta. Ukiona jambo linaenda kombo humfuati mkurugenzi, unamfuata yeye saa ya chai. Jioni anaingia na faili, anamwambia, "Baba, vijana kule nje wana mashaka na hili." Kesho yake mkurugenzi anabadilisha uamuzi kama vile umemjia usingizini. Hakuna aliyeshindwa, hakuna aliyeaibika.

Mdenishi wenu ameondoa mlango, na mlango ndio uliokuwa na bawabu. Mnamwonea tu, hakuna aliyemwonyesha njia ya uani.

#4 Profesa_Mkaa

Jambo hili limeshapimwa. Mholanzi mmoja, Geert Hofstede, alichambua dodoso zaidi ya 100,000 za wafanyakazi wa IBM zilizokusanywa kati ya 1967 na 1973, nchi mbalimbali. Kimojawapo cha vipimo vyake ni umbali wa madaraka: yaani walio chini wanaona ni kawaida kiasi gani kwamba mkubwa ni mkubwa na mdogo ni mdogo. Denmark ilipata 18. Afrika Mashariki ilipata 64. Malaysia ikavuka mia, 104.

Kwa hiyo mleta uzi, bosi wako ametoka 18 ameangukia 64. Yeye akisikia kimya anaelewa "wamekubali". Ninyi mkinyamaza mnamaanisha "tumekusikia, Mungu akusaidie". Hapo hakuna mwenye kosa.

#5 MtotoWaReli

Profesa #4, hiyo "Afrika Mashariki" yako ni nani? Nijuavyo mimi walikusanywa Wakenya, Watanzania, Wazambia na Wahabeshi wakapewa alama moja. Mzambia wa Kitwe na Mwamhara wa Gondar chungu kimoja, na mtu wa Tanga juu yao. Na wote waajiriwa wa IBM! Mwaka 1970 kampuni ya kompyuta ilikuwa na nani hapa kwetu? Watu wa tai na suruali ya kupiga pasi. Dereva wa foklifti hakuulizwa.

#6 Profesa_Mkaa

#5 kweli, nchi nne ziliunganishwa kwa sababu sampuli za kila moja zilikuwa ndogo. Nakubali. Lakini baadaye ulikuja utafiti mwingine mkubwa, GLOBE, jamii 62, umechapishwa 2004, wamewahoji mameneja wa ngazi ya kati, sisi tukiwemo.

#7 MtotoWaReli

Hatumo. Kundi la Afrika kusini mwa Sahara mle ndani ni Nigeria, Zambia, Zimbabwe, Namibia na Waafrika weusi wa Afrika Kusini. Tanzania haipo, Kenya haipo. Angalia tena, Profesa.

#8 Profesa_Mkaa

Nimeangalia. Uko sahihi, niliteleza. Hoja yangu haijafa lakini.

#9 Kibuyu_Kimoja

Haijafa, iko ICU. Mnaona? Humu #7 kampinga Profesa mchana kweupe na hakuna aliyezimia. Ni kwa sababu hakuna anayemlipa mwenzake mshahara.

#10 Otis_wa_Umoja

Niaje wasee wa Bongo. Mimi niko Nairobi, na nimefanya kazi Dar miaka mitatu kama meneja wa mauzo. Kilichonishtua ni shikamoo. Asubuhi naingia, karani wa miaka 24 ananiamkia shikamoo, na mimi nina 31! Sasa mtu ashaanza siku hivyo, saa nne nitamwambiaje, "Pinga hoja yangu"? Kwetu ofisini ni "sasa, boss" au jina la kwanza, na mkutanoni watu wanarushiana maneno. Halafu nyinyi mnasema Wakenya wana madharau. Si madharau, ni kazi.

Naona shida ni lugha yenyewe. Heshima imeshikiliwa na ulimi.

#11 Shangazi_Mkali

#10 mwanangu, hujambo. Usituletee Kenya kama mfano wa watu wasioogopa mkubwa. Septemba 1984 rais wenu Moi alirudi kutoka Addis Ababa akawaambia mawaziri waimbe kama kasuku, yeye akiweka nukta na wao waweke nukta. Redio zilitangaza, tulisikia mpaka huku. Na haohao mawaziri shikamoo hawakuwa nayo.

#12 Otis_wa_Umoja

Haki Shangazi umenimaliza 🙌🏾 Sina jibu. Shikamoo.

#13 Shangazi_Mkali

Marahaba. Sasa nieleze, maana naona mnazungumza kama vile Mtanzania alizaliwa kanyamaza.

Nina miaka 74. Mwaka 1971 nilikuwa karani wa mapokezi kiwanda kimoja cha umma. Februari ule mwaka TANU ilitoa Mwongozo, na ndani yake kulikuwa na ibara ya 15 iliyokataza kiongozi kuwa na majivuno, ubadhirifu na ukandamizaji. Wafanyakazi waliishika kama silaha. Kwetu meneja alikuwa na tabia ya kumwacha dereva juani kwenye gari saa mbili nzima, yeye anakula. Siku ya kikao cha Baraza la Wafanyakazi akasimama fundi wa mitambo, mtu mzima, mikono ina grisi mpaka kwenye kiwiko, akasema, "Ndugu meneja, ibara ya 15." Akakaa. Basi. Neno la nyongeza hakulitia. Meneja alilowa jasho, na dereva tangu siku ile alikula naye kantini.

Na hayo ni madogo. Pale Dar, 1973, wafanyakazi wa kiwanda cha mpira cha Mount Carmel walimfungia nje mwenye kiwanda wakaendesha mitambo wenyewe. Watanzania haohao wa shikamoo. Kwa hiyo mkisema "utamaduni wetu ni kunyamaza", mimi nauliza: utamaduni wa mwaka gani?

#14 Kilwa_Usiku

Shangazi #13 heshima yako. Lakini malizia hadithi, bibi. Serikali ilivumilia kwanza, baadaye ikakaza kamba, na migomo ikazimwa. Na tangu 1964 chama cha wafanyakazi kilikuwa kimoja tu, NUTA, ambacho katibu mkuu wake aliteuliwa na Rais. Ibara ya 15 ilitoka juu na ilirudishwa juu. Yule fundi alisema kwa sababu mkubwa zaidi wa meneja alikuwa amemruhusu. Siku ruhusa ilipoondoka, midomo ikafunga.

Ukitaka mzizi nenda nyuma zaidi. Mjerumani alipotawala alileta akida, akamweka juu ya majumbe. Kazi ya akida ilikuwa kupokea amri na kuishusha ilivyo. Anayeuliza anapigwa hamsa ishirini. Meneja wa kati wa leo ni akida: juu anasema "ndiyo bwana", chini anasema "mmesikia?" Yule supavaiza wa kwenye #1, "mpango mzuri sana, mkuu", ndiye huyo. Kavaa tu fulana ya kampuni.

#15 Bint_Pangani

Kilwa_Usiku, na jina lako lote hilo la pwani, Mjerumani hakuleta akida. Maakida na maliwali walikuwepo huku pwani chini ya Sultani wa Zanzibar kabla yake. Alichofanya Mjerumani ni kuwachukua akawapandisha bara, kwa watu wasiowajua, na kodi juu. Tofauti ni kubwa. Akida wa kwao anaulizwa na wajomba zake. Akida wa kuletwa anaulizwa na nani?

Na kabla hajatokea mtu kusema shikamoo ni salamu ya watumwa: neno ni la kushika miguu, na mtoto wa muungwana alimwamkia baba yake hivyohivyo. Msianze.

#16 Kilwa_Usiku

Nimekubali kusahihishwa. Nilikuwa naandika haraka niko kwenye daladala. Ila umenipa hoja bora kuliko yangu: shida ni mkubwa aliyeletwa, ambaye hana mjomba hapa.

#17 Mnyalu_wa_Mufindi

Wakuu naona hakuna aliyegusa utani. Hii ndiyo dawa na mnaiacha kabatini.

Mimi ni Mhehe. Bosi wangu wa awali, kiwanda cha mbao, alikuwa Mhehe vilevile. Dereva wake Mngoni. Sasa Wahehe na Wangoni tulipigana vita vikali karne ya 19, na kilichobaki ni utani. Siku moja bosi kaamua malori yapite njia ya mkato kupunguza dizeli, masika hayo. Tumekaa, wote kimya. Yule dereva akasimama akasema, "Mnamwona huyu? Kala mbwa jana, leo anaona njia kwa pua. Mzee, hiyo njia lori litalala, na mimi silali porini na Mhehe, nitaliwa." Kikao kizima kikaanguka. Bosi mwenyewe anafuta machozi, anamtukana Mngoni wake, halafu mkono unachukua kalamu unafuta ile njia.

Hivi kweli Mzungu wa 18 ana kitu kama hicho? Mtu anamwambia mkubwa "umekosea" mbele ya watu thelathini, na mkubwa anacheka.

Mleta uzi, Mdenishi wenu hana mtani. Mtafutieni kabila.

#18 Kibuyu_Kimoja

Apewe Uzaramo, Wanyamwezi watamshughulikia bure.

#19 Mwita_Mkavu

Utani ni mzuri lakini #17 hujasema jambo moja: ule ulimlinda dereva kwa sababu alikuwa Mngoni. Mimi Mkurya ningesimama kusema hivyohivyo ningepewa barua kabla ya saa sita. Na leo ofisi ina vijana waliozaliwa Mbagala, hata hawajui watani wao ni nani. Mwanamke naye akitania kikaoni anaitwa hana adabu.

#20 DadaWaHesabu

#19 ASANTE. Hilo la mwisho liandikwe kwa wino mwekundu.

Bosi mwanamume wa miaka 38 anaitwa "mzee". Bosi mwanamke wa umri huohuo anaitwa "mama". "Mzee" akitoa amri, ni mzee kasema. "Mama" akitoa amri, watu wanangoja aongeze "wanangu". Nimekuwa kaimu mkuu wa kitengo miezi minane. Nilipokataa malipo ya posho ya safari isiyo na risiti, niliambiwa nina roho mbaya, "mama gani huyu". Mtangulizi wangu, mwanamume, alikataa zilezile akaitwa "mzee wa msimamo". Sasa huo nao ni utamaduni au nini?

#21 Mulushois

Jambo bandugu. Niko Lubumbashi. Hiyo ya "mzee" na "mama" kwetu ilikuwa kampuni nzima. Wazee wetu wa migodini, tangu Union Minière ya Wabelgiji mpaka ilipotaifishwa na kuwa Gécamines, walikuwa wanasema kampuni ni baba na mama. Ilikupa nyumba, ikakupa posho ya unga kila mwezi, mtoto anazaliwa hospitali ya kampuni, anasoma shule ya kampuni, anaingia kazini kwa kampuni. Baba anayekulisha hivyo, utampinga wapi? Mezani kwake?

Halafu kampuni ikaanguka. 2003 na 2004 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wakaondolewa kwa mpango ulioitwa kuondoka kwa hiari. Babu yangu mdogo alikuwa mmoja wao. Hakusema "nimefukuzwa kazi". Alisema, "Tumekuwa yatima." Ana miaka sitini na mbili anasema yatima.

Kwa hiyo mimi sioni ni Afrika iliyofanya mkubwa awe baba. Mbelgiji alitaka wafanyakazi wasikimbie migodi, ndiyo akajifanya baba. Sisi tukamwamini.

#22 Shangazi_Mkali

#21 mwanangu, hiyo ya yatima imenikaa.

#23 Kibuyu_Kimoja

Leo sitanii. Napita.

#24 Rubani_wa_Karatasi

Utamaduni wa kuogopa mkubwa unaua, someni ajali za ndege. Ndege ya Korea ilianguka Guam 1997, watu 228 wakafa, kwa sababu kwa Wakorea msaidizi hawezi kumwambia kapteni amekosea. Ushahidi huo, uzi ufungwe.

#25 MtotoWaReli

Usiufunge. Tenerife, Machi 1977, je? Ndege mbili za 747 zimegongana kwenye ukungu, watu 583, ajali kubwa kuliko zote. Kapteni aliyeanza kuruka bila ruhusa ya mnara alikuwa Mholanzi. Injinia wake aliuliza kama ile ya Pan Am imeshatoka njiani, kapteni akamjibu kwa uhakika kwamba imetoka, wakanyamaza. Waholanzi hao! Alama zao kwa Hofstede ni 38, na Hofstede mwenyewe ni wa kwao. Kilichowanyamazisha ni cheo cha yule kapteni, maana ndiye aliyekuwa anawafundisha marubani wenzake.

Baada ya hapo mashirika ya ndege hayakubadilisha makabila ya watu. Yalibadilisha mafunzo: msaidizi akafundishwa maneno ya kusema na kapteni akafundishwa kuyasikia.

Na niongeze la nyumbani. Baba yangu alijenga reli ya TAZARA, ile ya 1970 hadi 1975, kambi za upande wa Mlimba. Wachina kwa vipimo vya Profesa wana umbali wa madaraka mkubwa kutuzidi. Lakini baba anasema injinia wa Kichina alikuwa anashika sururu, anakula kambini, na ukikosea kufunga boliti hakufoki, anaifungua anaifunga upya mbele yako taratibu, kisha anakupa spana. Baba alifundishwa kazi na mtu ambaye hawakuwa na lugha moja. Alirudi nyumbani na neno moja tu la Kichina na uwezo wa kunyoosha reli.

#26 Otis_wa_Umoja

Lakini wale wa barabara za siku hizi hawako hivyo, mkuu. Nimefanya nao. Sururu hawashiki, wanashika simu.

#27 MtotoWaReli

Sijakataa. Wale wa TAZARA walikuja kwa siasa, wa leo wamekuja kwa tenda. Mchina ni yuleyule. Umeona sasa?

#28 NesiZamu_Usiku

Naandika niko zamu, wagonjwa wamelala. Hospitalini kwetu (sitaji) waliletwa Wajapani na mpango wa 5S: Sasambua, Seti, Safisha, Sanifisha, Shikilia. Wengi mmeona mabango. Ndani yake mna kikundi cha kila wodi, na mhudumu wa usafi anakaa meza moja na daktari bingwa kutoa wazo. Mwezi wa kwanza mhudumu alikuwa anaangalia vidole vya miguu yake. Matroni wetu, mjanja yule, akaacha kuuliza kwa mdomo. Akaleta vikaratasi, kila mtu aandike tatizo moja bila jina, vinatiwa kwenye bakuli la kidney.

Kikaratasi cha mhudumu kilisema: "Madaktari wanachanganya sindano na taka za kawaida ndoo ya dirishani, nimechomwa mara mbili." Mwandiko tuliujua wote. Hakuna aliyesema ni wa nani. Kesho yake ile ndoo haikuwepo, na daktari bingwa ndiye aliyeleta boksi la sindano kwa mikono yake.

Sindano zilikuwepo miaka yote, na mhudumu alikuwa na mdomo miaka yote.

#29 Mbongo_Hamburg

Huku Ujerumani nimekaa miaka tisa, kiwanda cha vipuri. Msidhani Mjerumani hamheshimu bosi. Tunaitana kwa jina la ukoo na "Sie" ya heshima, mlango unagongwa. Lakini yeyote anamwambia bosi hapana, kwa sauti ya kawaida, anaendelea kula mkate wake. Nilidhani ni damu yao. Baadaye nikaelewa nyuma yake kuna baraza la wafanyakazi lenye meno, na sheria ya 1976 inayowapa wafanyakazi nusu ya viti kwenye bodi ya usimamizi kwa kampuni za watu zaidi ya 2,000. Mtu akijua hafukuzwi kesho, hata mpole anaongea.

#30 Wakili_Njaa

Nilikuwa namngoja mtu aseme hilo tangu #1. Mnazunguka na akida na mbwa wa Kihehe, hakuna aliyemuuliza mleta uzi mikataba yao ni ya muda gani.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamlinda mtu dhidi ya kuachishwa isivyo halali, anaweza kwenda CMA, ile Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ndani ya siku 30. Lakini aliye na chini ya miezi 6 kazini kinga hiyo haimhusu. Sasa nendeni maghalani mkaone watu wanaopewa mkataba wa miezi mitatu, unakwisha, wanakaa nyumbani wiki mbili, wanaitwa upya kama wageni. Huyo ndiye mnamwambia "toa maoni"? Njaa si utamaduni.

#31 MzeeWaStoo

Nimesoma zote, mmenipa kazi. Wakili #30, unauliza mikataba: mimi na mhasibu tuna ya kudumu. Supavaiza ya kudumu. Dereva wa foklifti na wengine ni miezi mitatu mitatu kama ulivyosema. Lakini kumbuka mwenye mkataba wa kudumu ndiye aliyesema "mpango mzuri sana", na mimi mwenye wa kudumu ndiye niliyenyamaza. Kwa hiyo njaa inaeleza nusu. Mimi sikuogopa kufukuzwa. Niliona aibu kumvua nguo mgeni mbele ya watu. Ndivyo nilivyolelewa Handeni, mgeni hasahihishwi kwenye mkeka.

#32 Wakili_Njaa

Aibu ni anasa ya mwenye mkataba wa kudumu. Nimemaliza.

#33 Mnyalu_wa_Mufindi

#32 usimbane mzee, kasema ukweli wake.

#34 Gasabo_250

Salamu kutoka Kigali. Sisi tulikuwa na desturi ya zamani, imihigo, mtu anaahidi hadharani atakachofanya na anaaibika asipotimiza. Tangu 2006 serikali iliichukua, mameya wanatia saini malengo yao mbele ya Rais. Nayasema kwa sababu mmesema aibu inanyamazisha. Huku aibu inasukuma. Barabara zinajengwa.

#35 Mwita_Mkavu

Na meya anayeona lengo haliwezekani anasema saa ngapi?

#36 Gasabo_250

Swali zuri. Niko kazini, nitarudi.

#37 Kibuyu_Kimoja

Hatarudi 😂

#38 Profesa_Mkaa

Nirudi kidogo. Nimejifunza humu. Lakini bado nauliza: mbona MzeeWaStoo anasema bosi mkali aliambiwa na mpole hakuambiwa? Hilo sheria ya kazi haielezi, mikataba ilikuwa ileile. Wala Mjerumani na akida wake.

#39 DadaWaHesabu

Soma #3. Mkali alikuwa na wapambe, na wapambe ni njia. Mpole aliwafuta akadhani amefuta ukuta.

#40 Bint_Pangani

Au mkali walimjua. Unajua akikasirika anafanyaje, na anapoa saa ngapi. Huyu mpole hawajawahi kumwona amekasirika, na asiyejulikana hasira yake ndiye anayetisha. Mtu wa pwani atakwambia, bahari shwari isiyo na wimbi huingii mpaka umwone mwenyeji kaingia.

#41 MzeeWaStoo

Bint_Pangani hiyo nimeipeleka nyumbani.

Mrejesho. Jumatatu nilimfuata bosi kwa mama lishe, sio ofisini. Nikamwagiza chai na kitumbua. Nikamweleza habari ya mama wa masijala wa #3, na vikaratasi vya Nesi #28. Alisikiliza, akauliza, "Kwa hiyo kimya kinamaanisha hapana?" Nikamwambia inategemea kimya cha aina gani. Akatoa daftari akaandika. Sijui aliandika nini, ni Kidenishi.

Jana kikao cha usafiri, kagawa vikaratasi. Tulikuwa tisa, vilirudi tisa. Saba vilikuwa vitupu. Kimoja kiliandikwa "mpango mzuri sana". Cha tisa kilisema malori mawili breki zake mbovu tangu Januari.

#42 Kibuyu_Kimoja

Supavaiza yuko kwenye msimamo wake 😂😂

#43 Shangazi_Mkali

Kimoja kati ya tisa, na ni breki. Kesho hao saba wanapanda malori hayohayo. Yaegesheni kwanza, falsafa mtaendelea nayo jioni.

#44 MzeeWaStoo

Yameegeshwa, Shangazi.

#45 Ghala_Kibaha

Wakuu samahani nje ya mada. Mleta uzi, hizo raki za juu mnaziuza? Nina ghala Kibaha, dari refu, na foklifti yangu inafika mita saba. Njoo PM tuongee bei.

#46 MzeeWaStoo

Hilo muulize bosi. Mimi kikaoni huwa sisemi.